Daktari Thomas Parke na sumu ya Ituri inayosimamisha moyo

Tarehe 13 Agosti 1887, luteni William Stairs alipigwa mshale kifuani, upande wa kushoto, chini kidogo ya moyo. Ilikuwa kwenye kijiji cha Avisibba, ukingoni mwa mto Ituri, pale unapokuwa umeshuka mbali ndani ya pori na kubadili jina kuwa Aruwimi. Ncha ya mshale ilikatikia mwilini. Munganga wa msafara, Thomas Heazle Parke, kijana wa Ireland mwenye miaka 29, alipiga magoti, akaweka mdomo wake kwenye kidonda na kuanza kunyonya sumu.

Stairs alipona. Wenzake kadhaa waliopigwa mishale siku zile hawakupona. Parke alitoka mahali pale na swali ambalo vitabu vyake vya shule havikulijibu: ni kitu gani kilichopakwa kwenye ule mti mwembamba, na kinafanya nini mwilini hata mtu mwenye nguvu aanguke kama amekatwa? Jibu lilimchukua miaka kadhaa, na alilipata nusu tu. Nusu nyingine ilihitaji watu wengine, kwa sababu ilihusu umeme, na mwaka 1887 umeme wa moyo wa binadamu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kupimwa.

Kutoka Roscommon mpaka Misri

Parke alizaliwa tarehe 27 Novemba 1857 huko Kilmore, wilaya ya Roscommon, Ireland, akakulia Carrick-on-Shannon. Alisomea uganga Dublin na kupata ruhusa ya kazi mwaka 1878 kutoka Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Ireland. Mwaka 1881 aliingia idara ya matibabu ya jeshi la Uingereza, na mwaka uliofuata alikuwa tayari Misri, katika vita ambavyo Uingereza ilivipiga ili kuitawala nchi hiyo. Mwaka 1883 kipindupindu kilishambulia Misri na Parke akawa miongoni mwa madaktari waliobaki kuhudumia wagonjwa. Mwaka 1885 alivuka jangwa la Sudan pamoja na kikosi kilichotumwa kumwokoa jenerali Gordon mjini Khartoum. Kikosi kilichelewa, Gordon alikuwa ameshauawa.

Kwa hiyo alipokutana na msafara wa Henry Morton Stanley huko Misri, mwezi Januari 1887, hakuwa mtoto. Alikuwa ameona vita, ameona watu wakikauka kwa kuhara, na alikuwa amechoka na maisha ya kambi ya Alexandria. Aliomba nafasi ya munganga wa msafara na kukubali kwenda bila mshahara.

Lengo lililotangazwa lilikuwa kumwokoa Emin Pasha, Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, naye pia daktari, ambaye alikuwa liwali wa jimbo la Equatoria na amezingirwa na watu wa Mahdi kutoka kaskazini. Njia fupi ilikuwa kutoka pwani ya mashariki. Stanley alichagua njia ndefu: aliwachukua wapagazi zaidi ya 600 Zanzibar, akampakia na Tippu Tip kwenye meli, akazunguka ncha ya kusini ya Afrika mpaka mdomo wa mto Kongo. Njia hiyo ilimfaa sana mfalme Leopold II, ambaye Dola Huru la Kongo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu na ambaye alitaka kujua kuna nini kati ya mto Kongo na ziwa Albert.

Tarehe 28 Juni 1887 kikosi cha mbele, watu 389, kiliondoka Yambuya na kuingia porini. Waliofika kwenye ziwa tarehe 13 Desemba walikuwa chini ya nusu.

Mishale ya Avisibba

Vitabu vya wakati ule vinawaonyesha watu wa Avisibba kama washambuliaji. Ni vizuri kukumbuka nani alikuwa amekuja kwa nani. Msafara haukuwa na chakula cha kutosha kwa ajili ya mamia ya watu. Ulipofika kijijini, uliingia mashambani kuchukua ndizi na mihogo, na mwenye shamba akikataa alijibiwa kwa bunduki. Habari ilikuwa ikitangulia mbele kwa ngoma, kijiji kwa kijiji. Mishale ndiyo iliyokuwa silaha ya watu wa mtoni, na walijua kuitengeneza vizuri.

Waliojeruhiwa walikufa kwa namna mbili, na Parke hakuwa na njia ya kuzitenganisha vizuri. Wengine walikaa siku kadhaa, kisha taya zikakaza, mgongo ukajipinda, wakafa kwa degedege. Namna hiyo inafanana sana na tetanosi, yaani pepopunda, ugonjwa wa kijidudu kinachoishi kwenye udongo na kinachoweza kuingia kwa kidonda chochote kirefu, kiwe na sumu au kisiwe nayo. Kijidudu hicho kilioteshwa peke yake kwa mara ya kwanza mwaka 1889, miaka miwili baadaye, na Mjapani Kitasato Shibasaburo. Namna ya pili ilikuwa ya haraka: mapigo ya moyo yanapotea mpangilio, mtu anatapika, analegea, anakata roho.

Stanley alikuwa na maelezo yake. Aliona vifurushi vya siafu waliokaushwa katika vibanda vya Avisibba na kuamua kwamba sumu ni siafu wekundu waliopondwa na kuchanganywa na mafuta ya mawese. Aliandika hivyo katika kitabu chake, na watu wa Ulaya walipenda habari hiyo. Parke hakuridhika nayo.

Kuhusu Stairs mwenyewe, huenda sumu ya mshale wake ilikuwa imekauka na kuzeeka, au ilibaki kwenye nguo, au Parke kweli alitoa sehemu yake kwa mdomo. Leo hakuna munganga anayefundisha kunyonya kidonda chenye sumu. Anayenyonya anajitia hatarini na faida ni ndogo. Ncha ya mshale ilikaa kifuani mwa Stairs miezi kama 15 kabla Parke hajaitoa kwa kisu.

Umeme ulio ndani ya nyama

Ili kuelewa sumu hiyo inagusa nini, inabidi kwanza kuangalia moyo unavyofanya kazi ukiwa salama.

Moyo haungojei amri ya ubongo ili upige. Ukutani mwa chumba chake cha juu cha upande wa kulia kuna kishada kidogo cha seli ambazo zinajiwasha zenyewe, mara 60 mpaka 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Ubongo unaweza kuziharakisha au kuzipunguza mwendo, basi. Zikiwaka, umeme unaruka kutoka seli moja mpaka seli jirani, kama habari ya lokole inayopokelewa na kijiji kimoja na kupigwa tena kuelekea kingine. Vyumba viwili vya juu vinakaza na kusukuma damu kwenda vyumba vya chini.

Hapo kuna jambo la ajabu. Kati ya juu na chini, umeme haupiti popote isipokuwa kwenye kilango kimoja, na kilango hicho kinauchelewesha karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Bila ucheleweshaji huo, vyumba vya chini vingekaza kabla havijajaa. Baada ya kilango, umeme unashuka kwa nyuzi za kasi zinazoitwa nyuzi za Purkinje, kwa jina la Mcheki aliyezieleza mwaka 1839, na kusambaa chini ya moyo karibu kwa wakati mmoja, ili misuli yote ikamue pamoja. Kwa mwendo wa mapigo 70 kwa dakika, kazi hiyo inafanyika zaidi ya mara 100,000 kwa siku moja.

Umeme huu hautoki kwenye waya. Unatoka kwenye chumvi. Kila seli ya moyo ina utando unaotenganisha ndani na nje: nje kuna sodiamu nyingi, ile ile ya chumvi ya kupikia, na ndani kuna potasiamu nyingi. Tofauti hiyo inaifanya kila seli kuwa betri ndogo. Seli ya chumba cha chini ikiwa imepumzika inashika karibu sehemu 90 za elfu moja za volti, yaani kama mara 40 chini ya betri ya telefone. Ishara inapofika, milango midogo kwenye utando inafunguka, sodiamu inaingia mbio, na betri inageuka upande kwa muda mfupi sana.

Lakini umeme peke yake haukazi nyama. Kinachokaza ni kalsiamu. Umeme ukipita, kalsiamu kidogo inaingia kutoka nje, nayo inafungua ghala ya kalsiamu iliyo ndani ya seli yenyewe. Kalsiamu hiyo inazifanya nyuzi mbili za protini zishikane na kuvutana, moja ikiteleza juu ya nyingine, na seli inafupika. Kisha kalsiamu inarudishwa ghalani au kutolewa nje, nyuzi zinaachana, moyo unalegea na kujaa tena. Sydney Ringer, daktari wa London, alikuwa ameanza kuligundua hili mwaka 1882 na 1883 kwa njia ya kubahatisha: moyo wa chura uliendelea kupiga katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, lakini ukanyamaza alipotumia maji safi yaliyochujwa. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu.

Na mwaka huo huo wa 1887, Stairs akiwa njiani kuelekea mshale wake, mwalimu mmoja wa hospitali ya St Mary's ya London, Augustus Waller, aliunganisha mwili wa mtu na chombo chenye zebaki ndani ya mrija mwembamba, akaona zebaki inacheza kwa kila pigo la moyo. Ilikuwa mara ya kwanza umeme wa moyo wa binadamu kuandikwa bila kumpasua kifua. Parke hakuwa na chombo cha namna hiyo porini. Alikuwa na vidole vyake viwili kwenye mshipa wa mkono wa mgonjwa.

Njaa ya Ipoto, ngome ya Bodo

Mwishoni mwa mwaka 1887 Stanley aliendelea mbele kuelekea ziwa na kumwacha Parke nyuma, pamoja na nahodha Nelson na wagonjwa, kwenye kituo cha Ipoto. Kituo kilikuwa cha watu wa Kilonga-Longa, Wamanyema waliofuata pembe za ndovu na watumwa, na ambao Kiswahili chao ni moja ya njia ambazo lugha hii iliingia Ituri. Parke alikaa pale miezi kama mitatu, akibadilisha nguo na vitu vyake kwa chakula. Wapagazi wa Zanzibar waliobaki naye hawakuwa na nguo za kubadilisha, na wengi wao walikufa kwa njaa.

Januari 1888 walihamishiwa Ibwiri, ambako msafara ulijenga ngome iliyoitwa Fort Bodo. Stanley mwenyewe alianguka kwa maumivu ya tumbo na Parke akamhudumia kwa wiki kadhaa akiwa karibu na kifo. Mwezi Aprili Parke alipanda pamoja naye kutoka porini mpaka kwenye nyanda za majani, si mbali na Bunia ya leo, akaliona ziwa Albert na kukutana na Emin Pasha. Kisha alirudishwa Fort Bodo na kukaa pale miezi mingi ya mwaka 1888, pamoja na Stairs na Nelson, wakilima mahindi na kulinda mashamba yasiliwe na tembo.

Ni katika kipindi hicho cha porini ndipo aliishi na mwanamke mmoja wa Kimbuti. Alimnunua. Bei ilikuwa vipimo vya maharage, mchele na mahindi, na Parke aliiandika katika kitabu chake bila kuona aibu. Mwanamke huyo alimpikia, alimtafutia chakula porini, na alimwuguza homa zilipomlaza. Ndiye pia aliyemwonyesha mimea ya sumu. Msafara ulipotoka kwenda pwani aliachwa nyuma.

Mimea ilikuwa zaidi ya mmoja, na siafu hawakuwemo. Parke aliichukua, akaikausha na kuibeba mpaka Ulaya. Mwaka 1891, pamoja na Edward Morell Holmes, mjuzi wa mimea ya dawa wa London, alichapisha makala juu ya sumu ya mishale ya Wambuti. Miwili ndani ya mchanganyiko huo ndiyo yenye uzito. Mmoja ni wa jamii ya Strychnos, mimea inayojulikana kwa kuleta degedege. Mwingine ni ganda la Erythrophleum, mti mkubwa ambao Waswahili wa Tanzania na watu wa Malawi wanauita mwavi, na ambao upande wa Bas-Congo unaitwa nkasa. Ni ule ule ambao ganda lake lilinyweshwa watu waliotuhumiwa uchawi: akitapika ameshinda, akifa alikuwa na hatia.

Mtoa maji ndani ya mtumbwi

Sasa nusu ya pili ya jibu, ambayo Parke hakuiona.

Betri za moyo hazidumu zenyewe. Kila pigo linaingiza sodiamu kidogo ndani na kutoa potasiamu nje, na bila kazi ya kurudisha, tofauti ingeisha na umeme ungekufa. Kwenye utando wa kila seli kuna pampu inayofanya kazi hiyo usiku na mchana: inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, tena na tena. Ni kama mtu aliyekaa nyuma ya mtumbwi unaovuja, na kopo mkononi, akimwaga maji nje wakati wengine wanapiga kasia.

Dawa ya mwavi inaushika mkono wa mtu huyo. Pampu inasimama, sodiamu inajazana ndani. Seli ina njia nyingine ya kutoa kalsiamu, lakini njia hiyo inategemea sodiamu iwe chache ndani. Ikijazana, kalsiamu nayo inabaki. Mwanzoni matokeo yanaonekana kuwa mazuri: kalsiamu nyingi maana yake moyo unakamua kwa nguvu zaidi, na pigo linakuwa la polepole na zito. Sumu ikizidi, kilango cha katikati kinaanza kufunga njia. Seli zilizojaa kalsiamu zinajiwasha ovyo, bila kungojea zamu yao. Mwishowe vyumba vya chini vinatetemeka, kila uzi ukivuta kwa wakati wake. Wapiga kasia ishirini wakivuta kila mmoja kivyake, mtumbwi unatikisika pale pale na hauendi. Damu haitoki tena moyoni, na baada ya sekunde chache mtu anapoteza fahamu.

Mwindaji wa Ituri alijua haya yote kwa upande wa matokeo: mmea gani, ganda la sehemu gani, libichi au kavu, mnyama ataanguka baada ya hatua ngapi, na nyama yake inaweza kuliwa.

Parke hakuwa peke yake kati ya Wazungu kujifunza moyo kutoka kwa mishale ya Afrika. John Kirk, aliyekuwa balozi mkuu wa Uingereza Zanzibar mpaka mwaka mmoja kabla ya msafara kupita pale, alikuwa amesafiri na Livingstone kwenye mto Zambezi. Huko, mswaki wake ulikaa mfukoni pamoja na sumu ya mishale iitwayo kombe. Alipopiga mswaki aliona ladha chungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliifanyia sumu hiyo utafiti na kuigeuza dawa ya moyo, na mmea wenyewe unaitwa mpaka leo Strophanthus kombe. Sumu ya mti mwingine wa Afrika ya Mashariki, wa jamii ya Acokanthera, ilikuja kuwa ufunguo wa maabara. Mwaka 1953 Hans Schatzmann wa Uswisi alionyesha kwamba sumu za aina hii zinazuia sodiamu isitolewe nje ya seli. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark aliipata pampu yenyewe, katika neva za kaa, na baadaye, kwa kuijaribu kwa sumu ya Acokanthera, alithibitisha kwamba ndiyo. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1997, miaka 40 baadaye.

Moyo uliookolewa ulikwenda wapi

Msafara uliondoka kwenye nyanda za Kavalli mwezi Aprili 1889, ukapita bonde la Semliki chini ya milima ya Rwenzori, na kufika Bagamoyo tarehe 4 Desemba. Usiku huo huo, kwenye karamu ya kuwapokea, Emin Pasha ambaye macho yake yalikuwa mabovu alianguka kutoka ghorofani na kuvunjika fuvu. Parke alibaki kumhudumia. Emin alipona, akakataa kurudi Ulaya, akaingia tena bara, na mwaka 1892 aliuawa mashariki mwa Kongo.

Stairs, yule wa Avisibba, alirudi Afrika akiwa mkuu wa msafara mwingine, safari hii kwa ajili ya Kampuni ya Katanga na mfalme Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, mmoja wa maafisa wake, nahodha Omer Bodson, alimpiga risasi mfalme Msiri, naye Bodson akapigwa risasi na kufa kwa jeraha lake. Kwa kifo hicho ufalme wa Garenganze ulikwisha na Katanga, pamoja na shaba yake, ikaingia mikononi mwa Leopold. Stairs hakuishi kuona faida. Malaria ilimwua mwezi Juni 1892 huko Chinde, pwani ya Msumbiji, akiwa na miaka 28. Mtu anaweza kujiuliza Katanga ingekuwa nini kama ncha ile ingeingia vidole viwili juu zaidi. Huenda hakuna kilichobadilika: Leopold angemtuma mwingine.

Parke alirudi Ireland na kupokelewa kama shujaa. Alipewa medali na heshima za vyuo, akachapisha kitabu cha safari yake mwaka 1891, na mwaka 1893 kitabu kidogo cha kulinda afya katika Afrika. Lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kwa homa za porini. Mwaka huo huo wa 1893, akiwa amealikwa Ardrishaig huko Scotland, alikufa ghafla. Alikuwa na miaka 35. Alizikwa karibu na kwao. Mwaka 1896 sanamu yake ilisimamishwa Dublin, mbele ya jumba la makumbusho ya viumbe, bunduki mkononi, na chini yake bamba la shaba linalomwonyesha akinyonya kidonda cha Stairs. Mwanamke wa Kimbuti hayumo kwenye bamba hilo.

Miaka minane baada ya mazishi yake, Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alitengeneza chombo cha uzi mwembamba kinachoandika umeme wa moyo kwa usahihi ambao zebaki ya Waller haikuuweza. Michoro yake, pamoja na herufi P, Q, R, S na T alizozipa mawimbi, ndiyo ambayo daktari wa Bunia anaisoma leo kwenye karatasi ya ECG: P ni vyumba vya juu vinapowaka, kilima kikubwa cha katikati ni vyumba vya chini, T ni betri zinapojichaji upya.

Mwavi haukufika kwenye kabati la dawa. Ndugu yake kwa kazi alifika: digoksini, inayotoka kwenye mmea wa Ulaya uitwao digitalis, na inayoshika pampu ile ile. Wanapewa wagonjwa ambao moyo wao umechoka au ambao vyumba vyao vya juu vinatetemeka. Kati ya dozi inayosaidia na dozi inayoua kuna nafasi ndogo sana, na nafasi hiyo inazidi kubanwa figo zikiwa dhaifu, au potasiamu ikishuka kwa sababu ya kuhara au ya vidonge vya kukojoza. Mgonjwa anayetumia dawa hiyo akianza kutapika, kuona rangi ya njano kwenye vitu, au kusikia moyo unaruka mapigo, asimeze kidonge kinachofuata. Aende hospitali siku hiyo hiyo.